Kubadilisha ignisheni (mfumo wa cheche) kwenye gari ya modi (iliyoongezewa nguvu): lini inalipa na lini unachoma hela bure

Niseme mapema ili mwenye haraka asisome mpaka mwisho: kama injini yako haimisi (yaani hakuna silinda inayokosa kuwaka), koili mpya za rangi nyekundu (koili ndo inayotengeneza volti kubwa ya cheche) hazitakuongezea hata hospawa moja, yaani kipimo cha nguvu ya injini. Najua boksi limeandikwa nini, na najua jamaa yako aliweka akasema "gari imekuwa nyepesi", lakini mara nyingi huyo jamaa alitoa plagi zilizochoka akaweka mpya siku hiyo hiyo, kwa hiyo sifa zote zikaenda kwa koili wakati kazi imefanywa na plagi.

Sababu yenyewe ni rahisi. Kazi ya cheche ni kuwasha ule mchanganyiko wa hewa na mafuta, basi, ukishawaka moto unajitembeza wenyewe ndani ya silinda. Ukiwasha jiko kwa njiti moja au kwa njiti kumi maji yanachemka kwa muda ule ule. Alafu kuna hili la volti ambalo ndilo linalouzia watu vitu: koili imeandikwa volti 60,000, sawa, lakini cheche inaruka pale tu volti inapofika kiwango ambacho gepu ya plagi (nafasi ambayo cheche inairuka) inadai. Kama plagi yako inadai 15,000 cheche itaruka kwenye 15,000, zile nyingine hazitokei kabisa, zipo kama akiba tu. Swali la maana ni moja: je, injini yangu imefika mahali inadai kuliko koili inavyoweza kutoa?

Na dai linapanda kwa vitu vinavyojulikana. Presha ndani ya silinda ikipanda (turbo, supachaja, kompresheni kubwa) cheche inapata shida kuruka. Gepu ikiwa pana, shida. Mchanganyiko ukiwa na mafuta kidogo, shida. Plagi ikizeeka kona zake zinaviringika na gepu inapanuka, shida tena. Ndo maana gari ile ile inatulia vizuri kabisa saileni (injini inawaka bila kukanyaga mafuta), inatembea barabarani bila neno, ila ukikanyaga mafuta mpaka chini busti (presha ya hewa kutoka turbo) inapofika kileleni inaanza kukatakata kama mtu anazima na kuwasha swichi. Hiyo ndo cheche inazimwa na presha.

HATUA YA 1: jua gari yako ina mfumo gani

Hapa sikai sana. Kuna distributa (kigawa cheche kwa silinda) yenye poiti (swichi ndogo ya chuma inayofunguka na kujifunga), kuna distributa ya elektroniki, kuna koili moja inayohudumia silinda mbili, na kuna koili juu ya kila plagi.

Kama bado unatumia poiti na kondensa, acha kujiuliza, badilisha uweke ya elektroniki. Poiti zinalika, gepu yake inabadilika kila siku na taiming (wakati cheche inapopiga) inahama nayo, na kwenye mizunguko mikubwa zinarukaruka. Kiti (seti za vipuri) za kuingia ndani ya distributa ile ile kama za Pertronix zinawekwa kwa saa moja. Angalia mambo mawili tu: ukinzani wa koili uendane na kiti (soma karatasi yake, usikisie), na usiache swichi on wakati injini imezimwa, moduli inaweza kuungua ukiwa umekaa unasikiliza redio.

Kwa wengine, piga hesabu ndogo. Injini ya silinda 4 kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika inahitaji cheche 200 kwa sekunde. Kama koili ni moja ina milisekunde 5 kujaza na kutoa kila cheche, inatosha ila sio kwa raha. V8 (silinda 8) ya koili moja kwenye mizunguko ile ile inahitaji cheche 400, maana yake milisekunde 2.5, na koili nyingi zinataka kama milisekunde 3 zijae. Umeona? Hapo ignisheni kweli inabana. Sasa gari yenye koili juu ya kila plagi, kila koili inapiga mara 50 tu kwa sekunde, ina milisekunde 20 za kujipanga. Ndo maana gari za kisasa zinavumilia modi nyingi sana kabla koili za kampuni hazijashindwa, na ndo maana ushauri wa mwenye V8 ya zamani usiuchukue mzima mzima ukaupeleka kwenye gari ya koili nne.

HATUA YA 2: thibitisha kwamba tatizo ni moto (cheche) na sio kitu kingine

Hii ndo hatua watu wanairuka, na ndo inayookoa hela kuliko zote.

Kwanza soma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta ya injini. P0300 ni kumisi ovyo ovyo, P0301 mpaka P0304 inakutajia silinda. Silinda moja tu ikitajwa, usinunue seti nzima. Hamisha koili ya silinda hiyo uipeleke nyingine, tembea, soma tena. Kodi ikihama na koili, koili ndo mbovu. Isipohama, hamisha plagi. Isipohama tena, nenda kwenye nozeli (zinazonyunyiza mafuta) au kompresheni, huko sio mada yetu.

Pili, na hapa naomba utulie kidogo. Kama una geji ya hewa na mafuta, wakati wa kukatakata utaona inasoma mafuta kidogo. Mtu anapanik, anaongeza mafuta kwenye ramani (jedwali la kompyuta linaloamua kiasi cha mafuta). Tatizo linazidi. Kilichotokea ni kwamba silinda haikuwaka, kwa hiyo oksijeni yote imetoka mzima mzima kwenye eksozi, na sensa yenyewe inanusa oksijeni haijui habari za petroli. Inaripoti "mafuta kidogo" wakati ukweli ni kwamba hapakuwaka kabisa. Ukiongeza mafuta unalowesha plagi na unaharibu katalisti (kichujio cha moshi kwenye eksozi), na kumisi kuko pale pale. Kwa hiyo geji ikiruka ghafla kuelekea mafuta kidogo na gari inakata kwa wakati huo huo, shuku moto kwanza kabla hujagusa mafuta.

Tatu, kipimo cha gepu, ambacho ni bure kabisa. Toa plagi, pima gepu, punguza. Ilikuwa 1.0 mm, weka 0.7. Rudi barabarani sehemu salama, kanyaga vile vile kwa gia ile ile. Kumisi kukiisha au kukisogea juu zaidi kwenye mizunguko, umepata jibu: mfumo wako wa moto uko kwenye ukomo wake. Kusipobadilika hata kidogo, rudisha pochi mfukoni, shida iko kwingine.

Na mara nyingi sana mtu akifika hapa anakuta kumisi kumeisha na hana sababu ya kununua kitu. Mwache hivyo hivyo aendelee na maisha.

HATUA YA 3: plagi, hapa ndo penye utamu

Kama una hela ya kitu kimoja tu kwenye ignisheni, nunua plagi sahihi. Sio ghali, sahihi.

Anza na joto lake. Plagi ya "baridi" inapeleka joto haraka kwenye hedi (kichwa cha injini), ya "moto" inalishika. Ncha inatakiwa ikae juu ya kama nyuzi 450 ili ijichome uchafu wenyewe, na isifike 800 na kitu maana hapo ncha yenyewe inaanza kuwasha mafuta kabla ya cheche, na pistoni haina mdomo wa kulia. NGK namba kubwa ni baridi zaidi: BKR6E ni 6, BKR7E ni baridi kwa hatua moja. Denso wana namba zao, 20 yao ni kama 6 ya NGK, 22 ni 7, 24 ni 8. Bosch ni kinyume, namba kubwa ndo ya moto zaidi, kwa hiyo usije ukasoma za Bosch kwa kichwa cha NGK, itakula kwako.

Kanuni inayotolewa na NGK ni shuka hatua moja ya baridi kwa kila hospawa 75 mpaka 100 unazoongeza. Eksozi na filta ya hewa tu? Baki na namba ya kampuni. Turbo na ramani ya busti ya wastani? Hatua moja. Watu wanaoruka hatua tatu kwa sababu "gari ya resi inatumia 9" wanaishia na plagi nyeusi tii, gari haiwaki asubuhi, alafu wanalaumu koili.

Gepu: injini isiyo na turbo 1.0 mpaka 1.1 ni kawaida. Ukiwa na busti ya wastani anza na 0.7 au 0.8. Busti kubwa, 0.55 mpaka 0.65. Usibane kupita kiasi kwa kujihami, gepu ndogo sana inatoa cheche dhaifu, saileni itatikisika na kuwasha asubuhi kutakuwa shughuli. Nenda na pana kadiri inavyowezekana bila kumisi. Kwa NGK zenye -11 mwishoni, mfano BKR6E-11, hiyo inamaanisha imetoka kiwandani na 1.1 mm, kwa hiyo kwenye turbo lazima uipunguze au ununue isiyo na hiyo -11.

Iridiamu au za kawaida? Iridiamu ina ncha nyembamba, 0.6 mm, nyingine 0.4, na ncha nyembamba inadai volti kidogo kuruka, pia inadumu. Kwa gari ya kila siku ni nzuri. Ila kipindi cha kutuni (kurekebisha ramani za injini) tumia za nikeli za kawaida, kwa sababu utazilowesha, utazitoa mara kumi, na kuua iridiamu nne kwa wiki moja kunauma. Ukipima gepu ya iridiamu usiingize kile kidude cha duara kama sarafu katikati na kukisukuma, ile ncha inakatika kirahisi, tumia fila geji ya waya na ukunje mkono wa nje tu. Na zile za miguu minne zinazotangazwa kuwa zinatoa cheche nne: cheche inaruka sehemu moja tu kwa mara, ile yenye njia rahisi. Faida yake ni kudumu, sio nguvu.

Ukizitoa zilizopo zipange kwenye kitambaa kwa mpangilio wa silinda na uziangalie kwa tochi. Rangi ya kahawia hafifu, safi. Nyeusi yenye masizi makavu, mafuta mengi au plagi baridi mno. Nyeupe yenye malengelenge, joto limezidi. Ukiona vitone vidogo vinavyong'aa kama unga wa alumini kwenye kauri, simama, usiwashe hiyo gari kwa fujo tena, injini inagonga na hiyo ni pistoni yako inayeyuka kidogo kidogo. Utaona pia pete ya kahawia kwenye kauri pale juu inapokutana na chuma, watu wanadhani gesi inavuja, hapana, ni umeme unavuta vumbi la mafuta, iache. Kitu cha kuogopa ni mstari mweusi mwembamba kama unywele unaoshuka kwenye kauri. Hapo umeme umepata njia ya mkato, na ukichungulia ndani ya buti ya koili (mpira unaofunika plagi) utakuta mstari mwenzake. Badilisha vyote viwili, ukibadilisha kimoja kile kibovu kinamwambukiza mpya.

Kufunga: injini iwe ya baridi. Plagi ya uzi wa 14 mm yenye washa kwenye hedi ya alumini inataka Nm 25 mpaka 30. Kama huna spana ya toki, ingiza kwa vidole mpaka ikae, alafu ongeza nusu mzunguko kwa plagi mpya. Zile zisizo na washa, zenye kalio la mteremko, ni kidogo sana, kama sehemu moja ya kumi na sita ya mzunguko. Grisi ya kuzuia uzi usishike usipake kwenye plagi zenye mipako kama za NGK, uzi unateleza na unakaza kupita kiasi bila kujua.

HATUA YA 4: umeme unaofika kwenye koili

Hii nimejifunza kwa ujinga wangu mwenyewe. Gari yangu ya turbo ilikuwa inakata kuanzia 5,500. Nikanunua koili nne, nikafunga kwa furaha, nikatoka barabarani, inakata 5,500 ile ile. Nikapunguza gepu, ikasogea mpaka 6,000 alafu ikaendelea. Wiki mbili nalala na hiyo kitu kichwani. Siku moja nikachukua malti-mita, injini inaunguruma, betri inasoma 14.1, nikaingiza sindano nyuma ya soketi ya koili bila kuichomoa: 12.6. Volti moja na nusu imepotelea wapi? Nikafuata waya wa eathi (unaorudisha umeme kwenye bodi) mpaka kwenye boliti yake, na hapo nikacheka peke yangu. Miezi michache kabla nilikuwa nimepaka rangi kava ya juu na vibano vyake, rangi nzuri kweli, na eathi ya koili nikaifunga juu ya rangi. Kipande cha msasa cha ukubwa wa kiganja kikamaliza kazi. Zile koili za zamani nikazirudisha kujaribu, gari ikapanda mpaka mwisho bila kukata.

Shida ni kwamba kompyuta ya injini inaangalia volti pale ilipo yenyewe, ndo inaamua koili ijazwe kwa muda gani. Yenyewe inaona 14, inatoa muda mfupi, kumbe koili inapata 12 na kitu, haijai. Kila cheche inatoka na njaa.

Kwa hiyo pima hivi: injini iwe inawaka, vifaa vikubwa vimewashwa, soketi ikiwa imechomekwa (ukiichomoa hakuna mkondo na kila kitu kitaonekana safi). Nguzo chanya ya betri mpaka waya chanya wa koili, kisha nguzo hasi mpaka eathi ya koili. Upande wa eathi ukizidi 0.2 safisha, upande wa chanya ukizidi 0.5 tafuta fyuzi, rilei au kiungo kilichochoka. Gari ya zamani inayopitisha umeme wa koili kwenye swichi ya funguo, weka rilei yenye waya mnene kutoka betri. Zile kiti za nyaya tano za eathi za rangi rangi, wewe zako zikiwa safi hazikuongezei kitu.

HATUA YA 5: nyaya na buti

Kwa wenye distributa au koili pembeni. Waya mzuri unapimwa kwa hali yake, unene wa milimita 10 ni urembo tu. Usiku, injini inawaka, puliza maji kidogo ya kinyunyizio kwenye nyaya huku mikono ikiwa mbali. Ukiona vijinyota vya bluu vinacheza, umepata mwizi. Mwenye kifaa cha kusaidia moyo asisogee kabisa hapo.

Usije ukaondoa ukinzani wote ukidhani unaongeza moto. Waya mtupu na plagi zisizo na herufi R vinamwaga kelele za umeme kila mahali, sensa ya krenki (inayosoma mzunguko wa injini) inachanganyikiwa, na gari inaanza kumisi kwa sababu ya kitu ulichonunua ili isimisi.

HATUA YA 6: koili, kama umefika hapa na bado inakata

Plagi sahihi, gepu imeshuka 0.6, volti safi, na bado busti inaizima. Sawa, sasa koili zina kazi.

Angalia kwanza kama koili ina ignita (swichi ya elektroniki inayokata mkondo wa koili) ndani au haina. Zenye pini mbili kwa kawaida hazina, zinasubiri ignita au kompyuta ikate mkondo. Zile za GM za injini za LS zina ignita ndani, ndo maana watu wanazipenda kwenye miradi, kompyuta inatuma ishara tu. Ukichanganya aina hizi mbili bila kujua, bahati nzuri gari haiwaki, bahati mbaya umeunguza kompyuta. Koili za Audi R8 zinaingia moja kwa moja kwenye injini nyingi za turbo za lita 2.0 za VW na Audi, ni mbadala mzuri wa zilizozeeka, ila usitegemee muujiza kwenye gari isiyomisi.

Alafu muda wa kujaza. Kila koili ina jedwali lake, muda kwa kila kiwango cha volti. Ukiweka koili kubwa na kuacha jedwali la koili ndogo, umenunua koili kubwa inayofanya kazi kama ndogo. Ukiongeza muda kwa pupa, haiongezi moto baada ya kujaa, inageuza umeme kuwa joto tu mpaka inapasuka. Pata jedwali la mtengenezaji, fundi wa kutuni aliingize, na baada ya safari gusa koili: vuguvugu sawa, ikikuchoma muda umezidi.

HATUA YA 7: boksi la CDI (ignisheni inayotumia kapasita)

Hili ni kwa distributa na koili moja, mizunguko mikubwa au busti. CDI inajaza kapasita mpaka volti mia nne au mia tano na kuiachia kwa koili mara moja, kwa hiyo haiishiwi muda kama ile V8 tuliyoipigia hesabu. Hasara ni kwamba cheche yake ni fupi sana, ndo maana boksi kama MSD 6 zinapiga cheche nyingi mfululizo chini ya mizunguko 3,000 hivi, juu ya hapo inabaki moja. Kwa gari ya mtaani utaona saileni imetulia na plagi hazichafuki haraka kwa kabureta linalomwaga mafuta.

Nyaya nene zinaenda moja kwa moja kwenye betri, waya mwembamba ndo unaenda kwenye swichi. Koili iwe inayokubali CDI. Zile nyaya mbili zinazotoka kwenye boksi kwenda koili usiziguse injini ikiwaka, wala usiweke taa ya kupimia, ule sio umeme wa volti 12. Geji ya mizunguko ikigoma, boksi lina tundu lake la kuunganisha. Lifunge mbali na eksozi.

HATUA YA 8: taiming

Ukishagusa chochote kwenye distributa, pima taiming kwa taa yake, saileni na kwenye 3,000. Hapa ndipo hospawa zilipo kweli, digrii tatu au nne za taiming sahihi zinafanya kile ambacho koili haiwezi. Na kama distributa yako ina kile kikombe cha vakyumu (kinachowahisha cheche ukiendesha taratibu), kiache, gari ya mtaani inakihitaji kwenye matumizi ya mafuta, anayekwambia ukitoe anaendesha gari ya resi.

Baada ya kilomita 5,000 hivi kwenye busti toa plagi moja upime gepu. Ikiwa imetoka 0.65 ikafika 0.75, andika tarehe kwenye kava kwa kalamu, sasa unajua zinachoka kwa kasi gani.